Umfuate nani kwanza: Satrapi, Sacco, Ferris au Juni Ba?

Kila Jumamosi asubuhi vijana 11 hukaa nami barazani hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kila mmoja na daftari lake, na swali linalorudi kuliko yote ni hili: "Mwalimu, nijifunze kwa nani?" Wengi wameshaona katuni za Kijapani kwenye simu. Wachache wameshika kitabu cha Marekani kilichopita mikono kumi kabla ya kuwafikia. Lakini anayetaka kuchora kitabu kizima, hadithi yenye kurasa 60 au 100, anahitaji mtu wa kumwongoza, na mtu huyo mjini kwetu hayupo. Kwa hiyo tunamwazima kwenye kurasa zake. Tunakaa na kazi ya mchoraji mmoja muhula mzima, tunanakili mkono wake mpaka tuelewe anavyofikiri, kisha tunaagana naye na kurudi kwenye mkono wetu wenyewe.

Muhula ni mrefu kwa kijana, na ukimchagua asiyekufaa utaacha kuchora kabla hujafika katikati. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu. Nimechukua wachoraji wanne wa zama zetu ninaowapenda, ambao vijana wangu wamewahi kukaa nao: Marjane Satrapi, Joe Sacco, Emil Ferris na Juni Ba.

Wachoraji wa magazeti sikuwaingiza. Jimmy Spire Ssentongo anaweza kusema ndani ya kisanduku kimoja jambo ambalo mhariri angelihitajia nusu ukurasa, lakini hiyo ni kazi yenye masharti yake, na kitabu kirefu kina masharti mengine. Manga, yaani hizo katuni za Kijapani, nayo nimeiacha. Eiichiro Oda amekuwa akichora One Piece tangu 1997 na vitabu vyake vimeshapita 100. Yeye na wenzake wanastahili makala yao peke yao.

Wanne wenyewe

Satrapi alizaliwa Iran mwaka 1969. Kazi iliyomtambulisha ni Persepolis, iliyotoka Ufaransa kwa vitabu vinne kati ya 2000 na 2003, akisimulia utoto wake Tehran wakati wa mapinduzi ya 1979 na vita vya Iran na Iraq, kisha maisha ya ugenini.

Sacco alizaliwa Malta mwaka 1960 na kufanya kazi zake Marekani. Ni mwandishi wa habari anayeandika kwa kuchora. Palestine ilitoka kwa sehemu tisa katika miaka ya 1990, ikafuatiwa na Safe Area Goražde mwaka 2000 kuhusu vita vya Bosnia, na Footnotes in Gaza mwaka 2009.

Juni Ba anatoka Senegal na ndiye mdogo kati yao. Djeliya ilitoka 2021, Monkey Meat mwaka uliofuata, na mwaka 2024 akachora The Boy Wonder kwa kampuni ya DC, ile ya akina Batman.

Kwa Emil Ferris inabidi nisimame kidogo, kwa sababu habari yake inatugusa watu wa West Nile kwa namna ambayo msomaji wa Chicago hawezi kuihisi. Mwaka 1937 wanasayansi waliokuwa wakifuatilia homa ya manjano walipima damu ya mwanamke mmoja mgonjwa katika eneo letu hili, wakakuta kirusi kisichojulikana, wakakipa jina la mahali walipokikuta. Ni kirusi kinachoenezwa na mbu. Mwaka 1999 kilifika New York, na baada ya miaka michache kilikuwa kimesambaa Marekani. Ferris alikuwa Chicago, akielekea miaka 40, mama mwenye mtoto mdogo, anayeishi kwa kuchora. Mbu alimuuma. Aliamka hospitalini miguu imepooza, na mkono wake wa kuchorea hauna nguvu ya kushika kalamu. Akajifunza upya kalamu ikiwa imefungwa mkononi kwa utepe wa gundi. Baadaye akaingia chuo cha sanaa, akaanza hadithi ya msichana wa miaka 10 aitwaye Karen Reyes, wa Chicago ya miaka ya 1960, anayejichora kama mtoto wa mbwamwitu na kupeleleza kifo cha jirani yake Anka. Kitabu hicho, My Favorite Thing Is Monsters, kilitoka 2017 kikiwa na karibu kurasa 400, na sehemu ya pili ikatoka 2024.

Ninapowatajia vijana jina la ugonjwa uliompata, baraza lote hunyamaza ji. Jina la kwetu limezunguka dunia kama jina la homa. Kujua kwamba upande wa pili wa njia ile alikuwepo mtu aliyekataa kuacha kuchora, hilo wanalibeba hadi nyumbani.

Nimewapimaje

Vigezo vyangu ni vitano, na ni vya mtu anayejifunza katika mji wetu. Kwanza ni vifaa: je, ninaweza kumfuata kwa vitu vinavyopatikana sokoni? Pili, mkono, yaani mstari na kivuli. Tatu ni ukurasa, jinsi anavyopanga visanduku na maneno. Kisha hadithi, kwa sababu kila mtindo hubeba aina fulani ya habari vizuri zaidi. Mwisho ni fotokopi. Hili la mwisho waalimu wa mbali hawalitaji, lakini kitabu cha kwanza cha kijana wa hapa hakitapigwa chapa kiwandani. Kitatolewa kwenye mashine ya duka la fotokopi, kitakunjwa katikati na kubanwa pini mbili. Mtindo usiopita kwenye mashine ile utabaki daftarini.

Vifaa

Ferris ndiye rahisi kuliko wote. Kurasa zake zimechorwa kwa peni, zile zile za Bic ambazo kila mwanafunzi anazo mfukoni, na kitabu kizima kinaonekana kama daftari la mistari la shule. Buluu, nyeusi, nyekundu, kijani: hizo zinatosha kuanza.

Tahadhari zangu ni mbili. Ncha ya peni hukusanya tone la wino unapozungusha sana, na usipoifuta kwenye kipande cha karatasi kila baada ya dakika chache, tone hilo litatua shavuni mwa mtu uliyemchora kwa saa mbili. Tena wino wa peni haulipendi kabisa jua. Niliwahi kuacha ukurasa ukutani barazani msimu mzima wa kiangazi, uso wa mama mmoja muuza samaki, na nilipoushusha macho yake yalikuwa yamefifia kiasi cha kutoonekana. Weka kurasa zako ndani ya jalada, mahali penye kivuli.

Satrapi anataka wino mweusi mtupu na kitu cha kuujaza mahali papana. Ukiwa na brashi na kichupa cha wino, vizuri. Wengi wetu tunatumia kalamu nene za kuandikia mabango, na hizo huvuja hadi ukurasa wa tatu wa daftari, kwa hiyo chora kwenye karatasi moja moja. Sacco naye ni mweusi mtupu, ila yeye anataka ncha nyembamba sana. Peni nyeusi inaweza kushika nafasi hiyo kwa kuanzia, mradi iwe mpya.

Juni Ba ndiye mwenye gharama. Rangi zake ni bapa na zinawaka, na kuzifikia kwa penseli za rangi ni kujisumbua, kwani penseli huacha chembechembe nyeupe kila mahali. Mwenye simu nzuri anaweza kutumia programu ya bure ya kuchorea, akivumilia umeme unaokatika. Asiye nayo nimempa mkasi. Tunakata maumbo kutoka kwenye karatasi za manila za rangi na kuyabandika. Kijana mmoja alitengeneza simba mzima kwa vipande tisa vya manila, na nilipousogeza ukurasa ule mbali, ulikuwa karibu na roho ya Juni Ba kuliko chochote tulichowahi kupaka.

Mkono

Hapa ndipo wanne hawa wanapoachana kabisa.

Satrapi hana kijivu. Kitu ama ni cheupe ama ni cheusi. Vijana huangalia wakasema, "Huyu rahisi," kisha wanajaribu. Ukichora mtu amesimama usiku mbele ya ukuta mweusi, naye amevaa nguo nyeusi, utamtoaje? Satrapi anamtoa kwa mstari mmoja mweupe begani, au kwa kuubadilisha ukuta. Kila kisanduku ni uamuzi, na huwezi kuuficha uamuzi mbaya chini ya kivuli. Nyuso zake ni chache mno: nukta mbili, nyusi, mdomo. Lakini nyusi zile zikipanda kidogo tu, umejua mtoto anadanganya.

Sacco ni kinyume chake. Anajenga giza kwa mistari myembamba inayopishana, tabaka juu ya tabaka, na haachi kitu: matope, nyaya, bati lenye kutu, viatu vilivyopangwa mlangoni. Watu wake ni watu kweli, kila mmoja na pua yake. Yeye mwenyewe ndiye amejichora kama kikatuni, na miwani ya duara isiyo na macho nyuma yake. Nadhani naelewa kwa nini: anataka tuwatazame wanaoongea, tusimtazame yeye. Ukikaa na Sacco utajifunza kutazama. Kijana aliyemfuata muhula uliopita alirudi kutoka stendi ya mabasi na mchoro wa boda moja tu, lakini alikuwa amehesabu vijiti vya gurudumu.

Ferris anachanganya. Ukurasa mmoja una uso wa mwanamke mzee uliochorwa kwa uangalifu wa mchoraji wa picha za makumbusho, na pembeni yake jitu lenye meno, na vyote vimetoka kwenye peni ile ile. Siri yake ni subira. Peni haitoi giza papo hapo. Ukipita mara ya kwanza unapata buluu hafifu kama maziwa yaliyotiwa maji, ukipita tena kwa pembe nyingine inakolea, na mara ya tano karatasi inaanza kung'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Ukiendelea, inachanika. Kati ya kung'aa na kuchanika kuna mpaka mwembamba, na mkono huujua kwa kuuharibu mara kadhaa. Binti mmoja kwetu alichora mkono wa bibi yake ukiwa umeshika kikombe cha chai. Mishipa iliyotuna aliifanya kwa buluu, vifundo vya vidole kwa nyekundu iliyopitiwa na nyeusi. Ilimchukua Jumamosi tatu. Bibi alipoonyeshwa aliweka mkono wake halisi juu ya karatasi, kando ya ule wa peni, akavilinganisha kidole kwa kidole.

Juni Ba anafikiri kwa maumbo. Watu wake ni pembe, upinde, mshale. Mmoja mabega mapana kama mlango, mwingine mwembamba kama ufito. Jaribio tunalolifanya ni kumpaka mhusika mweusi wote, bila uso, na kuuliza: bado unamjua ni nani? Kwa Juni Ba jibu ni ndiyo kila mara. Kwa michoro yetu wenyewe, mwanzoni, jibu lilikuwa hapana kila mara, na jaribio hilo moja limewasaidia vijana kuliko masomo yangu mengi ya anatomia.

Ukurasa na maneno

Fungua ukurasa wa kwanza wa Persepolis. Kisanduku cha kwanza kina mtoto mmoja, mikono ameikunja mbele, amevaa hijabu. Cha pili ni wasichana wenzake wamepangwa kama kwenye picha ya shule, na yeye amekatwa na ukingo, haonekani vizuri. Kwa visanduku viwili umeshajua kwamba hii ni hadithi ya mtu anayesukumwa nje ya picha. Satrapi hufanya kazi kwa mistari iliyonyooka ya visanduku, maelezo juu, mazungumzo chini, na ndiyo maana naye ni mwepesi kufuatwa na mtu ambaye hajawahi kupanga ukurasa.

Sacco huvunja ukurasa pale habari inapodai. Katika Palestine kuna sura ya mtu aliyewekwa kizuizini na kuhojiwa. Visanduku vinaanza vichache na vikubwa, kisha kadiri siku zinavyopita vinazidi kuwa vidogo na vingi, hadi ukurasa unafanana na wavu wa dirisha la selo. Hujaambiwa kwamba muda umekuwa mzito, unausikia. Halafu kuna The Great War ya mwaka 2013, picha moja iliyokunjwa yenye urefu wa mita 7 hivi, ya siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, 1 Julai 1916, isiyo na neno hata moja. Mtu mmoja mwenye uwezo wa yote mawili.

Ferris mara nyingi hatumii visanduku kabisa. Maneno yanazunguka picha, yanapanda pembeni, yanajibana kati ya nyusi na ukingo wa karatasi. Ni uzuri mkubwa, na kwa anayeanza ni mtego, maana usipokuwa mwangalifu msomaji hajui aanzie wapi. Juni Ba yuko katikati: visanduku vipo, ila vinainama na kukimbia pamoja na mhusika.

Na hapa niseme jambo la Kiswahili ambalo hakuna hata mmoja kati ya wanne atakufundisha. Maneno yetu ni machache lakini marefu. "Nitakupelekea" ni neno moja, na halitaki kukatwa katikati. Kiputo, yaani duara la maneno anayosema mhusika, kikiwa chembamba cha wima kama kinachofaa Kiingereza kitakuletea shida. Sisi tunahitaji viputo vipana, vilivyolala. Andika maneno kwanza, zungushia kiputo, halafu ndipo uchore mtu. Upande mwingine tuna utajiri ambao wenzetu wanautamani: chubwi ya jiwe majini, pu ya mzigo, kacha ya kijiti kinachovunjika. Mtindo wa Juni Ba, wenye maumbo makubwa, unapokea sauti hizi vizuri mno. Chora "CHUBWI" kubwa kama kisima chenyewe. Kwa Sacco sauti kama hizo zitalia kelele mahali pa msiba.

Hadithi

Una habari gani mkononi? Swali hili mara nyingi huamua peke yake.

Kumbukumbu za nyumbani, mambo ya utotoni, ukali wa mjomba, siku shule ilipofungwa: Satrapi. Uchache wa mistari yake huruhusu msomaji kujiweka mahali pa mtoto yule hata kama hajawahi kufika Tehran. Pia huruhusu mambo mazito kusemwa bila kumwaga damu ukurasani.

Habari za watu wengine ni za Sacco. Yeye huenda mahali, hukaa, huhoji, hurekodi, hupiga picha za kumbukumbu, kisha hurudi na kuchora kwa miaka. Footnotes in Gaza, inayochimba mauaji ya mwaka 1956 huko Khan Younis na Rafah, ilimchukua miaka mingi kutoka mahojiano hadi kitabu, na ndani yake anaonyesha wazi pale mashahidi wanapotofautiana. Sisi tuna makazi ya wakimbizi, Rhino Camp hapa jirani na Bidi Bidi kule Yumbe. Mmoja wa vijana wangu alivuka mpaka kutoka Sudan Kusini akiwa mdogo na anataka kuchora safari ya familia yake. Nilimpa Sacco, na nikampa sharti nililolisoma katikati ya mistari yake: usichore maumivu ya mtu kabla hujamwonyesha mchoro na yeye hajakubali. Alipomwonyesha shangazi yake, shangazi alisahihisha mti. Haukuwa mwembe, ulikuwa mkwaju, chini yake ndipo walipolala usiku wa pili. Ukurasa ule sasa una mkwaju.

Kuna kazi ya kigeni inayotuhusu ambayo nashauri isomwe kando ya Sacco kwa kulinganisha. Ni Unknown Soldier, matoleo 25 kati ya 2008 na 2010, iliyoandikwa na Joshua Dysart na kuchorwa zaidi na Alberto Ponticelli wa Italia, sehemu yake ikichorwa na Pat Masioni wa Kongo. Hadithi yake iko Acholi, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2002, na shujaa wake ni daktari Moses Lwanga. Ni hadithi ya kubuni, yenye kasi na bunduki. Soma kurasa chache za hii, kisha chache za Sacco, halafu jiulize vita vya jirani yako ungependa visimuliwe kwa mkono upi. Vijana wangu hawakukubaliana, na mimi sikuwalazimisha.

Ferris anafaa siri na mambo ambayo mtu hawezi kuyasema kwa sura yake mwenyewe. Karen anajichora kama mnyama kwa sababu ndani ya ngozi ya mnyama yuko salama zaidi. Ukiwa na hadithi ya aibu, ya ugonjwa, ya kutofanana na wenzako, Ferris atakupa ruhusa.

Juni Ba ni wa ngano. Djeliya inafuata mwana wa mfalme wa mwisho, Mansour Keita, na djeli wake Awa Kouyaté, msimulizi wa ukoo kama walivyo kwa Wamande, wakielekea kwenye mnara wa mchawi Soumaoro. Amechukua mambo ya kale ya Afrika Magharibi na kuyatembeza pamoja na magari na mashine bila kuomba radhi. Sisi tuna sungura na fisi, tuna Gipiir na Labongo waliogombana kwa ajili ya mkuki na ushanga, hadithi ambayo kila mtoto wa Kialur huisikia. Kwa nini mkuki ule usichorwe mrefu kuliko ukurasa?

Fotokopi

Kwa kifupi: Satrapi anapita vizuri, ila mashine iliyochoka itaacha michirizi myeupe kwenye weusi mpana, kwa hiyo omba nakala ya majaribio kwanza. Sacco anapita ukinakili kwa ukubwa ule ule. Ukipunguza, mistari inashikana na kuwa doa. Ferris anateseka. Buluu hafifu hupotea na tabaka zake huwa tope, hivyo chora kwa peni nyeusi kama lengo lako ni kusambaza nakala. Juni Ba anahitaji nakala za rangi, na bei ya ukurasa mmoja wa rangi ni mara nyingi ya ule mweusi. Njia tuliyoipata ni kunakili michoro myeusi kwenye karatasi ya rangi moja, njano au kijani. Haifanani na yake, lakini ina uhai.

Ukae na nani

Kama hujawahi kumaliza hata ukurasa mmoja, na una kumbukumbu moja ya nyumbani isiyokutoka kichwani, kaa na Satrapi. Visanduku sita kwa ukurasa, kurasa nne, mwezi mmoja.

Kama unamaliza kazi lakini kila mtu uliyemchora ana uso ule ule, nenda kwa Juni Ba kwa maumbo, hata kama hupendi ngano. Wiki tatu za kupaka wahusika weusi wote na kuwatambua zitakutosha, kisha rudi ulikokuwa.

Mwenye subira ya kukaa mahali pamoja saa tatu, asiyeona haya kuuliza maswali, mwenye watu wazima waliomkubalia kuongea, huyo ni wa Sacco. Usimchukue Sacco ukiwa na haraka ya mtihani au mashindano. Na mtu mwenye habari nzito ya wengine lakini hajapata ruhusa yao, aanze na kuchora mahali: soko, barabara, daraja. Watu watakuja baadaye.

Kama huna fedha ya kitu chochote zaidi ya peni, Ferris. Kama unaumwa, au mkono wako una udhaifu, au umekaa muda mrefu kitandani, Ferris pia, na kwa huyu nitakuja mwenyewe na daftari. Lakini kijana asiyeweza kutulia, anayetaka kuona matokeo leo, nisingempa Ferris kwanza ingawa ndiye nimpendaye moyoni. Nimeshawahi kufanya hivyo, na kijana yule alichana kurasa tatu kabla ya saa sita mchana na hakurudi Jumamosi iliyofuata. Baadaye nilimkuta sokoni nikampa makasi na manila nyekundu. Sasa anachora fisi.

Walio wawili wawili, mmoja mwandishi na mwingine mchoraji, wasome Juni Ba na Satrapi pamoja, mwandishi akimfuata mmoja na mchoraji mwingine, kisha wabadilishane. Na aliyekwama kabisa kati ya wawili achukue ukurasa mmoja wa kila mmoja, aunakili kwa mkono Jumamosi hii na ijayo, bila kutumia rula. Ule ambao utakuwa umeanza kuurekebisha bila kuombwa, ukiongeza mti wa kwenu au paa la bati la jirani, mwenye ukurasa huo ndiye wa kukaa naye muhula huu.